Eti Wafilipino Hawasomi

Kuna usemi nimeusikia katika nchi zangu zote mbili. Mombasa, nilikozaliwa, walikuwa wakisema ukitaka kumficha Mwafrika kitu, kitie ndani ya kitabu. Nilipohamia Ufilipino, kwao baba, nikaukuta umetangulia kufika, jina la mtuhumiwa tu ndilo lililobadilika: Wafilipino hawasomi, wao na karaoke, wao na tamthilia za jioni. Nimeambiwa hivyo na walimu na madereva wa teksi, na kibaya zaidi nimeambiwa na watu wa kazi yetu, ambao hata kodi ya nyumba wanailipa kwa fedha ya vitabu. Wanasema huku wanacheka. Mimi kucheka kumenishinda siku nyingi.

Ni mhariri katika kampuni ndogo ya uchapishaji hapa Quezon City, ndani ya Metro Manila. Ndogo kwelikweli: vyumba viwili juu ya duka la dobi, wafanyakazi tunaoenea kwenye meza moja ya chakula, na harufu ya sabuni inayopanda kupitia dirisha la nyuma tangu asubuhi. Tunachapisha vitabu vya watoto, mashairi, na riwaya moja moja tukijaliwa. Baba alikuwa fundi mitambo wa meli, mmoja wa Wafilipino wengi mno wanaoendesha meli za mizigo za dunia, na Kilindini ndiko alikokutana na mama. Ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili, na kwa ubishi kidogo.

Kabla ya hapa nilikuwa nafanya kazi ya usiku katika kampuni inayowahudumia wachapishaji wa ng'ambo. Msomaji wa London akifungua kitabu cha chuo kikuu, hajui kwamba huenda kurasa zake zilipangwa Manila au India, na kwamba mtu aliyegundua jina la profesa limeandikwa kwa namna mbili katika sura moja alikuwa amekaa chini ya feni saa tisa ya usiku, na bakuli la tambi za papo hapo pembeni. Nimesahihisha prufu za vitabu vya figo, vya sheria za bahari, vya historia ya makanisa ya Ujerumani. Ofisi nzima ilikuwa ya vijana wa fasihi waliokosa kazi ya fasihi. Huko ndiko nilikoanza kuuchukia ule usemi. Hao wasiosoma ndio waliokuwa wakiwasomea wenzao kabla wenzao hawajasoma.

Anayetaka kujua Mfilipino anakipendaje kitabu amtazame anavyokifunika. Mhariri wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Ate kama vile pwani ningemwita Dada, hulifanya jambo hili baada ya chakula cha mchana na hapendi kusemeshwa. Anakunjua plastiki angavu iliyouzwa kwa roli, anakilaza kitabu wazi juu yake, anakata kwa mkasi akiacha upana wa vidole viwili kila upande. Penye uti wa kitabu anachonga pembe mbili ndogo ili plastiki isijikunje. Kisha anaingiza jalada la mbele, anavuta, anaingiza la nyuma, anakifunga kitabu kwanza kabla ya kubandika, maana ukibandika kikiwa wazi kitakataa kufunga. Selotepu inagusa plastiki kwa plastiki. Ole wako ikigusa jalada, kwa sababu gundi yake hugeuka njano baada ya miaka na hakuna wa kuiondoa. Kikishakamilika anakipiga kofi dogo mgongoni na kuchukua kingine. Vijana wa kazini wananunua kitabu leo na hawakisomi mpaka Ate amekifunika.

Si umaridadi tu. Hapa mvua za msimu huanza kama Juni, vimbunga hufuatana mpaka Novemba na kupita, na hewa yenyewe ina maji ya kutosha kuota ukungu kwenye kurasa. Tarehe 26 Septemba 2009 kimbunga walichokiita Ondoy kilimwaga ndani ya saa chache mvua ya mwezi mzima, na mto Marikina ukaingia majumbani hadi ghorofa za juu. Shangazi yangu anakaa upande ule. Kilichonibaki kichwani ni kabati lake la ensaiklopidia: karatasi ile ya kung'aa ikishalowa inashikana, ukijaribu kutenganisha kurasa unabanduka na picha. Vitabu vya karatasi hafifu, vile vya bei rahisi, ndivyo vilivyonusurika. Tulivianika kwenye kamba za nguo.

Lakini kukipenda kitabu na kukinunua ni safari mbili. Mwaka 2024 kima cha chini cha mshahara katika Metro Manila kiliwekwa kuwa peso 645 kwa siku. Riwaya ya jalada laini kutoka Marekani mara nyingi haishuki chini ya peso 500. Piga hesabu ya nauli, mchele na data ya simu, kisha uniambie huyu mtu hapendi kusoma. Vitabu vyetu tunajitahidi viwe nusu ya bei hiyo, na bado mama anakishika, anasoma hadithi yote amesimama pale pale dukani, anakirudisha kwenye rafu kwa heshima. Simlaumu. Maduka mengi yameamua kuvizungushia vitabu plastiki ya kubana isifunguliwe, nao wasomaji wameamua kutafuta kile kimoja kilichofunguliwa kwa ajili ya kuonja.

Basi watu wanatafuta njia. Kuna Booksale, maduka ya mitumba ya vitabu yaliyojificha kwenye vyumba vya chini vya maduka makubwa, ambako shehena za Marekani zinamwagwa bila mpangilio, kitabu cha upishi kimemlalia mshairi, nawe unachakura ukiwa umepiga magoti. Kuna barabara ya Recto, jirani na vyuo, inayouza vitabu vya kiada vilivyopitia mikono ya wanafunzi wa miaka yote. Recto ina sifa nyingine pia, ya mafundi wa kughushi vyeti, kiasi kwamba mtu akikosa kitabu cha mwaka wa mwisho wenzake humtania kwamba angenunua shahada yenyewe. Na kuna Hernando Guanlao wa Makati, ambaye mwaka 2000 alitoa vitabu vya marehemu wazazi wake akavipanga nje ya nyumba yao, mtaa wa Balagtas. Azima, chukua, rudisha, usirudishe; hakuna daftari, hakuna tarehe, hakuna faini. Mtu angetarajia rafu ziwe tupu baada ya mwezi. Vitabu vikaongezeka mpaka vikajaa ngazini, kwa kuwa waliochukua walirudi na vyao. Kila nikiletewa ule usemi humtaja mzee huyu, na kila mara nafsi yangu inapata nafuu.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mwaka 2009, miezi michache kabla ya kile kimbunga, maofisa wa forodha waliona shehena ya Twilight ikiingia, kitabu kilichokuwa kikigombaniwa na kila msichana wa shule, wakaona hapa pana fedha. Wakadai ushuru. Ufilipino imo katika Mkataba wa Florence wa mwaka 1950, ambao unasema vitabu vipite mipakani bila ushuru, lakini wakubwa wakaanza kufafanua upya kitabu cha elimu ni kipi na cha starehe ni kipi, na shehena zikakwama bandarini. Mwandishi mmoja wa Marekani aliyekuwa akiishi hapa, Robin Hemley, akaisimulia kadhia hiyo kwenye intaneti, wasomaji wakawasha moto, na mwezi Mei Rais Arroyo akaamuru ushuru uondolewe. Nchi isiyosoma ilimlazimisha rais wake kurudi nyuma kwa ajili ya riwaya. Wakenya wanaosoma makala haya watakumbuka kwamba wao walibebeshwa VAT ya asilimia 16 juu ya vitabu mwaka 2013, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Shuleni ndiko kwenye jeraha lenyewe. Tume ya pili ya Bunge kuhusu elimu, inayoitwa EDCOM II, ilikuta kwamba tangu mwaka 2012 wizara ilikuwa imefanikiwa kununua vitabu 27 tu vya kiada kwa madarasa yote ya 1 hadi 10, ingawa fedha zilikuwa zikitengwa. Yaani aina 27, kwa masomo yote, kwa muongo mzima. Taratibu za zabuni, mapitio yasiyokwisha, bei iliyowekwa chini kuliko gharama ya karatasi: wachapishaji wakubwa wenyewe wanakimbia. Mtoto anafika darasa la nne hajawahi kumiliki kitabu, halafu mtu mzima anasimama kwenye semina, nyuma yake bango la wafadhili, anauliza kwa nini vijana hawana utamaduni wa kusoma.

Mtu anayenifariji katika kazi hii alikuwa fukara, na kitabu chake kilitoka kwa mkopo. José Rizal alimalizia *Noli Me Tangere* Berlin katika baridi kali ya mwaka 1886 kuingia 1887, akiwa na njaa, anakohoa, hana hata ya kulipa mchapaji. Rafiki yake Maximo Viola, kijana wa ukoo wenye nafasi, akamkopesha peso 300, zikatosha nakala 2,000. Ili gharama ishuke, Rizal alikata sura nzima, ile ya Elias na Salome. Wanaofundisha fasihi hulitaja jambo hili haraka na kupita. Mimi hulisimamia. Kila mhariri wa kampuni ndogo amewahi kukaa na mwandishi na kumwambia kurasa zimezidi, kitabu kikipita hapa kitaongezeka fungu zima la kurasa na bei itapanda, tukate wapi? Kitabu kilichowaamsha Wafilipino dhidi ya Wahispania nacho kilipita katika swali hilo hilo. Kilipofika Manila kikapigwa marufuku, kikaingizwa kwa magendo, na mwandishi wake akapigwa risasi tarehe 30 Desemba 1896.

Tangu mwaka 1956 sheria inazilazimisha shule na vyuo kufundisha maisha na vitabu vyake. Matokeo yake kila Mfilipino anawajua wahusika wa *Noli*, na wengi wamewajua kupitia muhtasari wa kurasa chache ulionunuliwa usiku wa kuamkia mtihani. Sheria inaweza kumfikisha mtu mbele ya kitabu; kumfanya alale saa nane usiku kwa sababu yake ni kazi nyingine.

Kazi hiyo inafanywa na watu ambao sisi wa fasihi tunawadharau. Shangazi, yule wa Marikina, ukimuuliza atakwambia yeye si msomaji. Chini ya kitanda chake kuna masanduku ya riwaya pendwa za Kitagalog, vijitabu vyembamba vya mapenzi vinavyoingia kwenye mfuko wa aproni, ambavyo yeye na majirani zake wamekuwa wakibadilishana tangu akiwa binti. Mashujaa wake ni matajiri wenye hasira na wasichana wa kazi wasiojua kuficha machozi. Amesoma mamia. Nikimwambia shangazi, wewe ni msomaji kuliko mimi, ananitandika kwa kitambaa cha jikoni: "Ay naku, hivyo si vitabu."

Wapwa zake walihamia Wattpad, programu ya simu ambako yeyote huandika na kusoma hadithi. Walisoma kwenye simu, ndani ya jeepney, matatu ya huku, kwenye foleni ya treni ya barabara kuu ya EDSA, sura moja kila mwandishi alipoipandisha, wakigombana naye kwenye maoni kwa nini amemuua fulani. Wafilipino walikuwa miongoni mwa watumiaji wengi kabisa wa programu ile duniani. Wachapishaji wajanja wakazigeuza hadithi hizo vitabu, zikafuata filamu, na wasichana ambao maprofesa walikuwa wamewakatia tamaa wakapanga foleni tangu alfajiri. Miswada ya namna hiyo imepita mezani kwangu. Lugha imechanganywa, Kitagalog na Kiingereza ndani ya sentensi moja, kama Sheng' ya Nairobi inavyofanya, na kishawishi cha mhariri ni kuisafisha. Ate alinionya mapema niache. Alisema mhusika wa miaka 16 anayezungumza kama hotuba ya bungeni atamfukuza msomaji ukurasa wa pili. Nakubaliana naye, ingawa alama za kushangaa nne nne bado nazifyeka bila huruma.

Kuhusu lugha niseme jambo moja zaidi. Nchi hii ina lugha zaidi ya 100, na vitabu vingi vinavyouzwa ni vya Kiingereza au Kifilipino, ambacho msingi wake ni Kitagalog cha huku kwetu Manila. Msemaji wa Kisebuano, na wako mamilioni, anaweza kumaliza shule bila kushika riwaya ya lugha ya nyumbani. Akisemwa hasomi, inafaa aulizwe kwanza ameandikiwa nini.

Mwaka 2022 ulinifundisha kwamba wapo wasioamini kabisa kuwa Wafilipino hawasomi, nao ni wenye dola. Baada ya uchaguzi wa Mei uliomrudisha Marcos mwingine Ikulu, watu walimiminika kununua vitabu kuhusu utawala wa kijeshi ambao baba yake aliutangaza mwaka 1972. Adarna House, wachapishaji wa vitabu vya watoto tangu 1980, wakafunga pamoja vitabu vyao vya mada hiyo na kuviuza kwa punguzo. Mkuu wa shirika la ujasusi akawatuhumu hadharani kwamba wanawatia watoto itikadi kali. Agosti mwaka ule ule, tume ya serikali ya lugha ikatoa waraka wa kusimamisha vitabu vitano kwa madai ya uchochezi. Sisi hatukuwa na kitabu hata kimoja kwenye orodha, lakini ofisini watu walianza kupunguza sauti. Mwandishi wetu mmoja akaomba jina lake litoke kwenye ukurasa wa shukrani. Na vitabu vilivyotuhumiwa? Watu wakazidi kuviulizia. Hakuna serikali inayohangaika na kitu kisichosomwa.

Sasa nirudi dukani, kwenye sehemu ya kazi ambayo hakuna mpenda vitabu anayeiota. Maduka makubwa yanachukua vitabu vyetu kwa mali kauli: wanaviweka, vikiuzwa wanakata sehemu yao nene, visipouzwa vinarudi na kona zimevunjika. Hesabu huja kwa kuchelewa na malipo huchelewa zaidi ya hesabu. Kuna duka, silitaji, ambalo lilikaa na fedha zetu za Krismasi mpaka Pasaka. Mwandishi anatarajia mirabaha yake, kwa kawaida asilimia 10, na anayepiga simu kuiulizia anapokelewa na mimi, kwa sababu sina sauti ya kutisha. Kwa kitabu kipya huchapa nakala 1,000. Katika nchi ya watu zaidi ya milioni 100, nakala 1,000 zikiisha ndani ya mwaka tunaagiza pancit, tambi za sherehe za huku, ofisi nzima.

Oktoba 2025 Ufilipino ilikuwa mgeni wa heshima kwenye maonyesho ya vitabu ya Frankfurt, heshima ambayo nchi huisubiri miaka, na kaulimbiu yake ilitolewa ndani ya *Noli*. Waandishi wengi walikwenda. Wengine walisusia na kuwataka wenzao wasusie, kwa ajili ya Gaza na msimamo wa waandaaji kuhusu Palestina. Ofisi yetu iligawanyika, na chakula cha mchana kilikuwa kimya kwa kipindi fulani. Mimi nilikuwa upande wa waliosusia, Ate upande wa waliosema kitabu kiende hata pale mwenye nyumba anapokuudhi. Hatujapatana, lakini vitabu vyangu bado ananifunikia kwa plastiki.

Maonyesho yetu wenyewe, yale ya Septemba pale ukumbi wa SMX, Pasay, karibu na bahari, hayana heshima ya Frankfurt lakini yana kelele zaidi. Mabasi ya shule yanajipanga tangu asubuhi. Watu wanaburuta masanduku ya safari yenye magurudumu, matupu wakiingia, yakilalamika wakitoka. Foleni ya mwandishi wa mapenzi aliyetokea Wattpad inazunguka ukumbi na walinzi wameishika kwa kamba. Foleni ya mshairi wetu ina watu watatu, mmoja ni binamu yake. Kwenye banda swali la kwanza ni kama kuna punguzo, la pili ni kama mwandishi yupo apigwe naye picha. Mwaka huu lilizuka la tatu: kuna kingine cha Kisebuano? Kitabu chetu cha watoto cha lugha mbili, Kisebuano na Kifilipino, kiliisha kabla ya siku ya mwisho. Walimu waliopanda ndege kutoka Visayas, visiwa vya kati vinakozungumzwa Kisebuano, walikichukua kwa mafungu, na bibi mmoja alimsomea mjukuu wake palepale kwa sauti, mpaka watu wa banda la jirani wakasogea kusikiliza.

Jumatatu tukakaa kikao. Kuchapa tena nakala 1,000 kulitaka fedha, mchapaji anadai nusu kabla ya kuwasha mashine, na fedha zetu ziko kwenye rafu za watu. Bosi akasema tungoje maduka yalipe. Ate akasema tukingoja maduka mtoto atakuwa ameoa. Tukafungua oda za mapema: mtu alipe sasa kwa GCash, ambayo hapa inafanya kazi ileile ya M-Pesa, apokee kitabu kikitoka. Hesabu yangu ilikuwa kwamba kikitoka Desemba tutakutana na mshahara wa 13, ule wa nyongeza wa mwisho wa mwaka, ambao kwa sheria ya hapa kila mwajiri sharti awe ameutoa kufikia tarehe 24. Kufikia Ijumaa nusu ya mchapaji ilikuwa imetimia na kuzidi, nyingi zikiwa oda za kitabu kimoja kimoja, kutoka Cebu, Bohol, Davao, na moja kutoka kwa nesi aliyeko Riyadh anayemnunulia mwanawe.

Mchapaji ameahidi wiki ya kwanza ya Desemba. Nazijua ahadi za wachapaji, kwa hiyo wateja nimewaandikia wiki ya pili.